Upande wa Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, akiisha kunywa chai, fundi alivua saa yake, akakunja shati hadi begani, akaingiza mkono mmoja ndani ya tumbo la mashine. Kwa mkono wa pili alisukuma gurudumu. Mnyororo ulizunguka polepole juu ya meno ya chuma, ukitoa sauti kama ya mtu anayetafuna mifupa ya samaki kwa uangalifu. Alisikiliza mzunguko mzima, kichwa kimeinama. Kisha alitoa mkono, akaufuta kwa tambara, akaifunika mashine kwa turubai na kwenda kutafuta mtu wa kugombana naye.

Nilikuwa jirani yake, kwa hiyo mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Lazima nieleze mashine yenyewe, ingawa fundi angecheka kunisikia. Ilikuwa kipakizi kidogo, kama vile unavyoviona Lubumbashi vikibeba mchanga na vifusi: kifupi, kipana, ndoo mbele, na dereva amefungiwa katika kibanda cha vyuma kama kuku anayepelekwa sokoni. Hakina usukani na magurudumu yake hayapindi. Upande wa kushoto una mota yake, upande wa kulia una yake. Kila mota huvuta minyororo iliyomo ndani ya sanduku la mafuta mazito, na minyororo huzungusha magurudumu mawili ya upande wake. Ukitaka kugeuka, unaupa upande mmoja nguvu na mwingine unauzuia, na mashine inajiburuza kwa hasira mpaka itazame unakotaka.

"Hii haigeuke," fundi aliniambia. "Hii inagombana na roho yake."

Niliipenda sana kauli hiyo, nikaitumia katika makala juu ya hali ya nchi. Nilipomsomea, alinitazama kwa huruma.

"Prof, miye nilikuwa nasema juu ya mashine."

Sikuwa profesa. Nilikuwa chef de travaux, cheo ambacho chuo kikuu humpa mtu anayengoja kuwa profesa, na ambacho baadhi yetu tumezeeka nacho. Fundi alilijua hilo vizuri. Aliniita Prof hasa kwa sababu alilijua.

Nilipohamia katika lupango, yaani kiwanja chenye ua, la pili kutoka lake, katika miaka ya mwisho ya Zaire, mashine ilikuwa tayari imeinuliwa juu ya magogo nyuma ya nyumba. Mishahara ya kampani kubwa ya migodi ilikuwa imekauka, chuo kilifunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka lisilo na bidhaa, na watu wazima wenye diploma walikuwa wakijifunza kulima mihindi kando ya barabara. Upande wa kulia wa mashine ulikuwa umefungwa vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa wazi, mfuniko umeegemezwa ukutani, na mota yake ilikuwa ndani ya gunia chini ya kitanda alicholalia na mke wake. Mke wake aliniambia siku ya kwanza tulipoamkiana.

"Prof, bantu bengine banaweka masanduku chini ya kitanda. Siye tunalala juu ya mota."

Nilidhani anatania. Baadaye niliiona. Hata vumbi halikuwepo juu yake.

Sitaki msomaji amfikirie kama mzee mpole mwenye hekima. Alikuwa mjivuni kupita kiasi. Alisema Mungu alimuumba asubuhi mapema, bado akiwa na nguvu, na kwamba sisi wengine tuliumbwa alasiri. Ukimtoa kwenye minyororo na meno yake, hakuna kitu alichojua kutengeneza, ingawa hakuna kitu alichokataa kutengeneza. Baiskeli yake haikuwa na breki. Aliisimamisha kwa kiatu, na kwa hiyo kiatu chake cha kulia kilikuwa na soli ya tairi. Alilitengeneza friji langu likafa siku hiyohiyo. Nilipokwenda kulalamika, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Ile friji ilikuwa inataka kufa. Nimeisaidia tu."

Kuomba msamaha hakujua. Simaanishi kwamba aliomba kwa shida. Neno lenyewe halikuwemo kinywani mwake. Aliwahi kumkanyaga padri mguuni mlangoni mwa kanisa, akamwambia, "Padri, simama muzuri." Mke wake alisema walipooana fundi alimuuliza kasisi kama anaweza kuruka ile sehemu ya kusamehewa katika Sala ya Bwana.

Lakini mbele ya mnyororo alikuwa mtu mwingine. Watu walimletea vipakizi kutoka Kipushi na hata kutoka kwenye barabara ya Kasenga, na kabla dereva hajazima injini, fundi alikuwa amekwisha kusema ni upande gani unaumwa. Aliweka viganja juu ya sanduku la mnyororo kama mama anayepima homa. Alikataa kuweka mnyororo mpya juu ya meno ya zamani, maana meno yaliyolika huula mnyororo mpya kabla ya mvua kurudi. Mteja akibisha, fundi alimwambia aende akavae meno ya marehemu babu yake, aone kama atatafuna nyama.

Na alikuwa na desturi yake moja ambayo iliwakera matajiri. Sanduku la mnyororo halikufungwa bila mkono wa yule atakayeendesha. Kazi ikiisha, kabla ya mfuniko kurudishwa, dereva alipaswa kuja, kukunja shati, kuingiza mkono na kuubonyeza mnyororo kwa vidole ili ahisi unavyolegea na unavyokaza. Tajiri akituma mtu mwingine kuchukua mashine, mashine ilibaki wazi. Niliona madereva wenye mashati meupe wakiagizwa kama watoto wa komunyo. Niliona mmoja akiondoka kwa matusi, kisha akarudi kesho yake amevaa fulana.

"Dereva hajashika mnyororo, anaendesha kama mwizi," fundi alisema. "Anaogopa kila sauti."

Sasa nifike kwa dereva, kwa kuwa bila yeye fundi haeleweki.

Mashine ile ilikuwa ya Mgiriki mmoja mjenzi, ambaye baada ya askari kupora mji alipanda ndege na koti moja. Funguo aliwaachia watu wawili, fundi wake na dereva wake, akawaambia atarudi. Hakurudi, na hakuna aliyemngoja. Fundi na dereva walichukua mashine wakaitumikisha wenyewe: mchanga, vifusi vya maduka yaliyoporwa, mashimo ya vyoo. Wakati ambapo mji mzima ulikula mara moja kwa siku, nyumba zao mbili zilikula mara mbili.

Dereva alikuwa mtu wa Kasai. Yaani baba yake alikuja kutoka Kasai na reli; yeye mwenyewe alizaliwa Katuba, hapa hapa mjini, alisema Kiswahili chetu hiki hiki na kushangilia timu yetu hii hii. Mimi sikumkuta. Namjua kwa maneno ya jirani zake tu, na wote walianza kwa jambo lile lile: aliweza kuigeuza mashine uani kwa mtu bila kugusa kamba ya nguo.

Yeye na fundi walikuwa na ugomvi mmoja uliowapendeza sana. Mashine ilivuta kushoto. Kidogo tu, lakini ilivuta. Dereva alisema ni mnyororo wa kushoto, fundi hakuukaza vizuri. Fundi alisema mnyororo hauna kosa, dereva ana mkono mzito. Waligombana juu ya jambo hilo kazini, kanisani na kwenye bia. Mwishowe waliamua kufungua upande wa kushoto, wakague mota, mnyororo na meno, kisha wafunge na kujaribu. Atakayeshindwa angeomba msamaha mbele ya wake wote wawili. Watu wa mtaa walikuwa wameanza kuulizana watavaa nini siku hiyo.

Ilikuwa ndiyo miezi ile ya nyimbo. Wanaoikumbuka wanaikumbuka, wasioikumbuka, niwaambie tu kwamba vijana walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na kwamba katika miji ya migodi hawakuishia kuimba. Jioni moja kwenye baa, mashine ikiwa tayari imefunguliwa, kijana mmoja aliuliza nani ataendesha mashine za watu hawa wakiondoka. Fundi, ambaye hakuweza kuliacha swali lolote bila jibu la kuchekesha, alisema:

"Bende tu. Mashine itajiendesha."

Baa nzima ilicheka. Dereva alikuwa amekaa karibu naye, na alicheka pia. Habari hii sikuipata kwa fundi. Mke wake ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, akikaanga bitumbula, vile vitumbua vyetu, vya kuuza.

"Alicheka na meno yote, Prof. Lakini bia yake hakuimaliza."

Asubuhi yake dereva alifika langoni na mfuko mdogo. Mama yake alikuwa amefukuzwa nyumbani Likasi na alikuwa akilala chini kwenye stesheni pamoja na maelfu ya wengine, akingoja gari moshi.

"Naenda kumuchukua mama, narudia," alisema.

"Na sanduku?"

"Usifunge. Weye ukifunga bila miye, utasema ulishinda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho. Mke wa dereva alimfuata baada ya majuma machache na watoto, na kutoka kwake pia haikurudi habari. Mtu mmoja alisema amemwona Mbuji-Mayi akiuza mikate. Mwingine alisema mabehewa yalisimama porini siku nyingi bila maji, na kwamba kando ya reli kuna makaburi yasiyo na misalaba. Fundi aliwasikiliza wote wawili kwa uso uleule, akawaambia wote wawili kwamba wanasema uongo.

Hapo ndipo zilipoanza zile Jumamosi.

Mwanzoni mtaa ulimcheka. Baadaye ulimwogopa kidogo. Kulikuwa na wanawake walioapa kwamba mnyororo ulisikika ukizunguka hata siku za Jumatano, fundi akiwa mjini. Mimi nilikuwa msomi, sikuamini mambo hayo, na siku za Jumatano nilipita njia nyingine. Mchungaji wa kanisa moja jipya alikuja na waumini wake na chupa ya maji kuiombea mashine itokwe na pepo. Fundi aliwaacha waimbe mpaka wakachoka. Kisha alimwambia mchungaji akunje shati, aingize mkono. Mchungaji alitazama shimo lile jeusi, mnyororo uking'aa kwa grisi ndani yake, akasema Roho hajamtuma kufanya hivyo.

"Basi hana ruhusa ya kuendesha," fundi alisema.

Kisha ikaja miaka ya vyuma chakavu. Kila kilichokuwa cha chuma katika mji huu kilipata miguu: mifuniko ya mitaro, nyaya, vitanda vya hospitali, mpaka vipande vya reli. Malori yalijaa na kuelekea mpakani. Wanunuzi walisimama langoni kwa fundi, wakaitazama mashine kama fisi wanavyotazama ng'ombe aliyelala. Ilikuwa miaka ambayo watoto wake walirudishwa kutoka shuleni na mke wake aliamka kabla ya jua kukaanga bitumbula. Angeweza kuiuza. Angeweza pia, na hili lilimuuma mke wake zaidi, kuifunga tu. Mota ilikuwepo. Mnyororo ulikuwepo. Kazi ya siku moja, na mashine ingeingia barabarani kuwatafutia chakula.

Nilikuwa upande wangu wa ua siku alipomwambia wazi.

"Ule muntu alikufa. Funga mashine, bana bakule."

Fundi hakupaza sauti, jambo ambalo lilinitisha.

"Nikifunga, miye njo nitakuwa nimeshinda," alisema. "Unataka nimushinde muntu mwenye haiko hapa?"

Mke wake aligeuka. Aliniona, akanitazama kana kwamba mimi na chuo changu tungeweza kulitatua jambo hilo. Nilirudi ndani nikasahihisha mitihani ya wanafunzi ambao hawakuwa wamelipa, kwa niaba ya chuo ambacho hakikuwa kimenilipa.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kikimla. Fundi hakuwa akingoja kushinda. Alikuwa akingoja kushindwa. Siku ambayo mashine ingefungwa, ikawashwa na kuvuta tena kushoto, ingekuwa kosa la mnyororo, yaani kosa lake, na angelazimika kuomba msamaha mbele ya watu. Kwa mtu ambaye hajui kuomba, huo ulikuwa mlango pekee. Angeingia kwa habari ya mnyororo, na akiwa tayari ndani angesema na lile jingine, la kule baa.

"Itavuta," aliniambia zaidi ya mara moja, bila mimi kuuliza. "Siku tutaiwasha, itavuta kushoto. Utaona."

Hakuwa mtakatifu katika kungoja kwake. Mafuta mazito yalipokosekana mjini, mteja mmoja alijaza sanduku la mashine yake mawese, na fundi alimtukana mtaa mzima ukasikia, kwa kuwa sanduku lilinuka kama jikoni na siafu waliingia. Vita vilipokuja, na mafuta ya aina yoyote yakawa ndoto, niliona siafu wamejipanga kuelekea nyuma ya nyumba yake. Niliwafuata mpaka kwenye turubai. Aliniona nikiinama.

"Mawese yangu ni ya kupaka tu," alisema. "Siyo ya kujaza."

Miaka ilipita. Vita vilihama, migodi ilipata wenyewe wapya, barabara zilijaa malori. Nywele zangu zilinitoka kwa utaratibu, kama watumishi wa serikali. Fundi aliendelea kuzungusha mnyororo, hadi Jumamosi moja bega lilipokataa. Nilisikia gurudumu likianza na kusimama. Likaanza tena, likasimama. Kisha likazunguka vizuri, na nilipochungulia juu ya ua niliona ni mke wake anayesukuma, amefunga kitenge kiunoni, na fundi amesimama kando akisikiliza, mkono umening'inia.

Wakati huo kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Butembo aliyefungua depo ya saruji na unga karibu nasi, mtu wa kanisa, mwenye malori yanayokwenda mpaka Kasomeno. Alikuwa ameitaka mashine ile kwa muda mrefu. Alikuja tena, akavua kofia.

"Mzee, hata usiniuzie," alisema. "Tutengeneze pamoja, itumike kwangu, tugawane. Chuma kikilala sana kinasahau kazi."

Fundi alitazama bega lake. Kisha alimtazama mke wake.

"Utaleta dereva wako mwenyewe," fundi alimjibu. "Na ataingiza mkono."

Aliniita siku kazi ilipoisha. Katika miezi hiyo ya matengenezo nilikuwa nimehamia upande mwingine wa mji, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona baada ya muda mrefu. Alikuwa amepungua hadi nikaogopa kumshika mkono. Mashine ilikuwa imeshuka chini kutoka kwenye magogo yake. Ilikuwa na magurudumu mapya, yote manne ya kipimo kimoja, aliyapima mwenyewe. Mfanyabiashara alikuwa ameleta pia minyororo mipya, lakini fundi aliiacha ndani ya katoni.

"Kwanza tujaribu na mnyororo uleule," alisema. "Meno yaleyale. Kisha utaweka mupya kama unataka."

Dereva alikuwa mwanamke wa Kipushi mwenye umri kama wa miaka thelathini, aliyewahi kuendesha mashine kubwa migodini, na aliyetazama kipakizi kile kama mtu aliyepewa mbuzi baada ya kuzoea ng'ombe. Fundi alimweleza desturi. Hakubisha. Alikunja ovaroli, akaingiza mkono hadi kiwiko, akabonyeza.

"Unasikia?" fundi aliuliza.

"Nasikia. Uko muzuri, baba. Nani aliuchunga?"

Fundi alisogea karibu. Aliingiza mkono wake mwenyewe, ule mzima, akauacha humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alirudisha mfuniko, na boliti alizikaza polepole, moja baada ya nyingine, mke wake akimpa. Ya mwisho alimwomba yeye aikaze.

Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Moshi ulifunika ua. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa langoni, wengine hawakuwa wamezaliwa wakati mashine ile inanyamaza. Fundi alichora mstari chini kwa ncha ya fimbo, kutoka ukutani hadi langoni, akamwambia mwanamke aufuate na aachie mikono iende sawasawa, asiisaidie mashine.

Mashine ilikwenda. Ilipita juu ya mstari kama inavyopita sindano ya cherehani. Ilifika langoni, watu wakatawanyika wakicheka, ikasimama.

"Inavuta?" fundi aliuliza.

"Haivute, baba. Iko sawa kabisa."

"Rudia."

Alirudi nyuma hadi ukutani, akaja tena. Nilikuwa nimeinama kama mtu anayepima mbio za farasi, nikijaribu kwa moyo wangu wote kuiona ikipinda. Haikupinda.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ulifanya kazi muzuri sana, baba."

Mfanyabiashara alipiga makofi, na langoni wakamfuata. Mimi nilimtazama fundi, nikingoja majivuno yake, yale ya Mungu na asubuhi mapema. Alikuwa amesimama juu ya mstari wake, fimbo mkononi, mdomo wazi kidogo.

"Basi ulikuwa mkono wake mzito," alisema. "Aliondoka nao."

Mke wake alipiga hatua kumwendea, akasimama. Fundi alikuwa amekwisha kuzunguka hadi upande wa kushoto. Injini ilikuwa bado inanguruma. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, akainama hadi paji la uso likakaribia chuma, na midomo yake ikasema neno ambalo katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akilisema. Nilikuwa karibu. Nililisikia. Alilisema tena.

Mwanamke aliona mzee anasema, akazima injini ili amsikie.

"Baba, unaniambia nini?"

Ua ulikuwa kimya. Fundi alijinyoosha, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Siyo weye, mama," alisema. "Washa."